Paka wangu ana kisukari: nimlishe nini, na nimpimeje?

*Shikamoo Dokta,*

*Nina paka dume aliyehasiwa, anaitwa Jabali, ana miaka kumi. Tunaishi Ngamiani, Tanga, mimi, mama na mdogo wangu wa kiume. Tangu Ramadhani namwona anakunywa maji kupita kiasi. Akimaliza bakuli lake anakwenda kuinamia ndoo ya bafuni. Mchanga wake wa haja unalowa mpaka unakuwa tope. Chakula anakula, tena kuliko zamani, lakini uti wa mgongo umetokeza. Kilichonitisha zaidi ni miguu ya nyuma: hakanyagii tena vidole, anakanyagia kisigino.*

*Daktari wa mifugo alimpima akakuta sukari 24 (mmol/L), na kwenye mkojo pia ipo. Uzito umeshuka kutoka kilo 6.8 hadi 5.9. Akanipa insulini, yuniti moja asubuhi na moja jioni, akanifundisha kudunga chini ya ngozi, akasema nirudi baada ya wiki mbili. Kudunga nimeweza. Mengine yote yamenishinda.*

*Jabali amezoea biskuti za paka, zinakaa kwenye sahani kutwa, na jioni wali na mchuzi wa samaki uliobaki. Jirani akaniambia biskuti ndizo zilizomletea ugonjwa, basi Alhamisi nikaziondoa zote pamoja na wali, nikampa samaki wa kuchemsha peke yake. Ijumaa asubuhi nikampima kwa mashine ya mama, maana mama naye ana kisukari, ikasoma 6.4. Nikaogopa, sikumdunga. Jioni ikasoma 19, nikamdunga. Sijui kama nilifanya sawa.*

*Kumpima nako ni vita. Natoboa sikio damu haitoki, au inatoka inasambaa kwenye manyoya na stripu inaharibika. Stripu ni za kununua, na mama anazihitaji. Siku hizi Jabali akiona kile kiboksi cha mashine anaingia nyuma ya kabati.*

*Mdogo wangu anasema tutumie insulini ya mama, Mixtard, kwani si insulini zote ni moja? Shangazi analeta maji ya karela. Na wapo wanaonicheka: watu wanakosa dawa, wewe unamdunga paka.*

*Nimlishe nini, nimpimeje, na ile Ijumaa nilipaswa kufanya nini?*

*Mwenye Jabali, Tanga*

Marahaba mwanangu.

Nianze na Ijumaa, maana naona ndiyo inayokukosesha raha. Ulifanya sawa. Paka aliyeanza insulini juzi akisoma 6.4 kabla ya sindano, hiyo sindano iache. Kuruka dozi moja kutamfanya ashinde na sukari ya juu, anywe maji, akojoe, basi. Kumzidishia insulini kunaweza kumuua kabla ya adhuhuri. Ukiwa na shaka, usidunge. Mlishe na umpigie daktari wako.

Sasa tazama kwa nini ilisoma 6.4. Dozi ilikuwa ile ile ya yuniti moja. Kilichobadilika ni sahani. Uliondoa biskuti na wali kwa siku moja, sukari ikaporomoka. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayoandika hapa: kwa paka anayedungwa insulini, kubadili chakula ni sawa na kubadili dozi. Jirani yako alikushauri jambo jema, ila alikushauri ulifanye kwa siku moja, na mtu anayefuata ushauri huo bila mashine mkononi angedunga kama kawaida na kumkuta paka amelala sakafuni anatetemeka.

Paka ni mla nyama. Mate yake hayana uwezo wa kuanza kuvunja wanga kama yetu, na ini lake ni zito kuikamata sukari inayoingia kwa wingi baada ya mlo. Biskuti za paka, hata zile za bei mbaya, haziwezi kushikana bila unga wa nafaka, viazi au dengu. Kwa hiyo paka anayedonoa biskuti kutwa nzima anaingiza wanga kutwa nzima. Sisemi biskuti peke yake ndizo zilizomuuguza. Madume waliohasiwa, wazito, wenye umri, wanaoshinda ndani, ndio wanaopata ugonjwa huu zaidi. Dawa za steroidi pia huuleta. Kama Jabali aliwahi kupewa prednisoloni au sindano ya kuzuia muwasho, mwambie daktari, maana hilo linaweza kubadilisha matibabu.

Wanga haujaandikwa kwenye mfuko, lakini unaweza kuutafuta mwenyewe. Chukua 100, toa protini, mafuta, majivu, nyuzinyuzi na unyevu. Kinachobaki ndicho wanga. Tuseme mfuko wa biskuti umeandikwa protini 32, mafuta 12, majivu 8, nyuzinyuzi 4, unyevu 10. Jumla 66, umebaki wanga 34. Zaidi ya theluthi ya mfuko. Sasa chukua kopo lenye protini 10, mafuta 5, majivu 2, nyuzinyuzi nusu, unyevu 82. Kinachobaki ni nusu tu. Ukiondoa maji ili ulinganishe kwa haki, nusu hiyo ni kama asilimia 3 ya chakula kikavu. Dukani chagua kopo lililosagwa likawa laini kama pate, si la vipande vinavyoogelea kwenye mchuzi mzito, kwa sababu uzito wa mchuzi ule mara nyingi ni unga. Na kama kwenye kopo majivu hayakuandikwa, kadiria 2.

Najua makopo ni ghali na hayapatikani kila duka. Unaweza kuchanganya na chakula cha nyumbani, ila kiwe nyama au samaki kweli: paja la kuku lisilo na mifupa, moyo wa kuku, firigisi, changu aliyetolewa miiba. Chemsha kwa maji machache na umpe na supu yake, kwa sababu taurini, ambayo paka hawezi kuishi bila kuila, hutoka kwenye nyama na kubaki kwenye maji. Ini kidogo tu kwa wiki. Usiweke chumvi, tui, kitunguu wala kitunguu saumu. Vitunguu vyote huharibu damu ya paka, ndiyo maana ule mchuzi wa jioni hata angekuwa mzima nisingekuruhusu. Samaki mbichi asiwe mazoea, anaondoa vitamini B1 mwilini. Dagaa wa Unguja huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, basi waloweke, mwaga maji, rudia. Maziwa yana sukari yake, yaache. Na usimlishe nyama tupu miezi na miezi ukadhani umemaliza: haina kalsiamu ya kutosha. Muulize daktari virutubisho gani vya kuongeza, na kabla ya kumpandishia protini aangalie figo zake kwa kipimo cha damu, maana kwa umri wa Jabali zinaweza kuwa zimeanza kuchoka.

Kuhama chakula kuchukue siku saba hadi kumi. Robo ya biskuti itoke, kopo au nyama iingie, ukae siku mbili tatu ukipima, kisha robo nyingine. Wali uwe wa kwanza kuondoka. Daktari ajue kabla hujaanza. Huenda akaishusha dozi iwe nusu yuniti wakati wa kuhama. Na paka huyu asikae na njaa kwa kugomea chakula kipya. Paka mnene akikaa siku nzima au mbili bila kula, mafuta hujaa kwenye ini, na huo ni ugonjwa mwingine mkubwa. Akigoma, mrudishie alichozoea, upunguze mwendo.

Milo miwili mikubwa, saa moja asubuhi na saa moja usiku, itakufaa zaidi. Ni saa kumi na mbili kamili kati ya sindano na sindano, na saa moja usiku magharibi imeshaswaliwa, kwa hiyo hata Ramadhani ijayo hutalazimika kuhamisha ratiba. Utaratibu ni pima, lisha, dunga. Usidunge kabla hujaona amekula.

Tuje kwenye sikio. Mulika tochi ya simu kwa nyuma ya sikio uone mshipa mwembamba unaopita karibu na ukingo. Usiutoboe mshipa wenyewe. Lenga ule ukanda mdogo kati ya mshipa na ukingo. Sikio la baridi halitoi damu, hilo ndilo linalokushinda. Chukua chupa ndogo ya dawa, jaza maji ya moto, izungushie kitambaa, iweke kwenye sikio kwa dakika moja hivi mpaka ulihisi lina joto. Pakaa Vaselini, kidogo mno, pale utakapotoboa: damu itasimama tone badala ya kukimbilia manyoya. Weka pamba nyuma ya sikio usijitoboe kidole. Achana na kile kidude cha mama kinacholia tak, ndicho kinachomkimbiza kabatini. Shika sindano ya kutobolea yenyewe kwa mkono na utoboe kwa haraka. Sindano za watu siku hizi ni nyembamba sana. Kwa kuanzia tafuta namba 28 au hata 26, maana namba ikipungua sindano inakuwa nene zaidi. Stripu iwe imeshaingia kwenye mashine kabla hujatoboa. Gusisha ncha yake kwenye tone nayo itafyonza yenyewe. Tone la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha. Kisha bana sikio kwa pamba kavu kama nusu dakika lisivilie. Usipake spiriti, inachoma na ikichanganyika na damu inaharibu kipimo.

Ukitoboa mara mbili hujapata damu, acha. Mpe kipande cha kuku hata kama hukufanikiwa, hasa kama hukufanikiwa. Na kwa siku chache zijazo, nyakati ambazo humpimi, mkalishe mkekani pale pale, mguse masikio, fungua na ufunge kile kiboksi, mpe kuku, mwache aende zake. Paka anajifunza haraka kwamba mkeka ule una kuku. Badilisha sikio leo na kesho. Baada ya wiki chache masikio nayo huzoea kutoa damu.

Mashine ya mama irudishe kwa mama. Sababu ya stripu unaijua. Ile 19 ya Jabali sasa imo kwenye kumbukumbu ya mashine yake. Siku akienda kliniki, daktari akizipitia namba zile anaweza kumpandishia mama dozi kwa sukari ya paka. Waambie mapema. Na sindano ya kutobolea isitumike kwa wawili, kamwe. Jabali apate mashine yake, hata ya bei rahisi ya watu, mradi stripu zake zinapatikana Tanga na kopo la stripu linafungwa vizuri, kwa sababu unyevu wa pwani huziharibu. Zipo mashine zilizotengenezwa kwa wanyama, kama AlphaTrak, lakini stripu zake ni ghali na kuzipata ni shida. Jua tu kwamba mashine ya watu huwa inasoma chini kidogo ya sukari halisi ya paka, kwa vile sukari kwenye damu ya paka imegawanyika tofauti kati ya chembe nyekundu na maji ya damu. Tumia mashine moja hiyo hiyo siku zote na umwambie daktari ni ipi.

Namba zenyewe, mpaka daktari wako akupe za kwake: kabla ya sindano ikisoma 10 au zaidi na amekula, dunga. Chini ya 10, usidunge. Lisha, piga simu. Chini ya 4 wakati wowote ni dharura. Vipimo viwili vya kabla ya sindano usiviruke. Siku moja moja mpime pia kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, hapo ndipo insulini ya saa moja huwa inavuta sana, na madaktari wengi hupenda sukari ya saa hizo iwe kati ya 5 na 8. Kuna kipimo cha siku nzima, kila baada ya saa mbili tangu saa moja mpaka saa moja, stripu saba; hicho kifanye daktari akikuomba, si kila wiki. Ukiona 19 jioni usiongeze dozi. Dozi hubadilishwa na daktari, baada ya angalau siku tano hadi saba za chakula kile kile na yuniti zile zile. Na ile 24 ya kliniki, sehemu yake huenda ilikuwa hofu. Paka akiogopa sukari hupanda sana. Ndiyo maana namba za mkekani kwako zina thamani kuliko za mezani kwetu.

Weka asali karibu na pale unapomdungia. Ukimwona anayumba, macho yametanuka, analilia chakula ghafla au kichwa kinatikisika, usitafute stripu kwanza. Kama anaweza kula, mpe chakula. Kama hawezi, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi. Akiwa na degedege usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mpake tu kwenye fizi na uondoke naye kwa daktari. Akizinduka bado anahitaji kuonwa, kwa sababu insulini ingali ndani na sukari itashuka tena. Upande wa pili, akitapika, akiacha kula, akilala tu huku sukari iko juu, huenda ana ketoni, yaani asidi zinazojaa kwenye damu mwili ukichoma mafuta badala ya sukari. Vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo vipo maduka ya dawa. Hali hiyo haisubiri kesho.

Insulini ya mama, hapana. Mixtard ina sehemu inayofanya kazi haraka na sehemu ya polepole; kwa paka inashusha sukari kwa kishindo na kuisha mapema. Na hata ya Jabali mwenyewe, soma chupa. Insulini nyingi za watu zina yuniti 100 kwa mililita. Baadhi za wanyama, kama Caninsulin, zina 40. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, alama ya yuniti moja inatoa yuniti mbili na nusu. Chupa ikae mlangoni mwa friji, isigande. Umeme ukikatika, mtungi wa udongo wenye maji na mfuniko, chupa ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, utaihifadhi vizuri.

Karela mpe shangazi shukrani, ukampikie mama, naye amwambie daktari wake. Jabali asipewe, wala asipewe metformini, vidonge vya kisukari vya watu. Marekani wameruhusu dawa za mdomo kwa paka, bexagliflozini mwaka 2022 na velagliflozini mwaka 2023, lakini hazifai kwa paka aliyekwisha kutibiwa kwa insulini, na zina hatari yake ya ketoni.

Wanaokucheka waambie mama hajakosa dawa yake kwa sababu ya Jabali. Mnyama uliyemfunga nyumbani kwako miaka kumi hana pengine pa kwenda kutafuta.

Kuna jambo hukuuliza nami sitaki ulikose. Wapo paka ambao sukari ikidhibitiwa vizuri miezi ya mwanzo, kwa chakula kisicho na wanga na insulini ya kiasi, kongosho lao hupata nafuu na insulini huachwa. Si wote, na siwezi kukuahidi kwa Jabali. Ikitokea, haiji na dalili nyingine. Utaona tu asubuhi kadhaa mfululizo anasoma 6, 5, 7 kabla ya sindano. Asiyepima angeendelea kudunga. Hata hapo, biskuti zisirudi. Miguu ya nyuma huchelewa zaidi, hudai miezi, lakini wengi hurudi kukanyagia vidole sukari ikitulia.

Leo, kabla ya mlo wa saa moja usiku, mpigie daktari wako. Msomee ile 6.4 na ile 19 pamoja na saa zake, umweleze Alhamisi uliondoa nini kwenye sahani, na umuulize udunge ngapi wakati unahamisha chakula. Chukua daftari, chora safu tano: saa, sukari, alichokula, yuniti, maji aliyokunywa. Maji yapime kwa mililita, kwa bakuli moja tu, na ndoo ya bafuni ifunikwe. Kwa uzito wake, zaidi ya kama mililita 600 kwa siku ni nyingi mno, na ukiona zinashuka wiki hadi wiki, matibabu yanafanya kazi.